Historia ya Dunia ya AP: Somo linalowatoa jasho wanafunzi hodari Marekani

KILA mwezi wa Mei, mamia ya maelfu ya wanafunzi wa shule za upili nchini Marekani huketi kwa saa tatu na robo kufanya mtihani wa historia ya dunia uliotungwa kwa kiwango cha chuo kikuu. Wengi wao ni wa Gredi ya 10, wenye umri wa miaka 15 au 16, na kwa wengi huo huwa mtihani wao wa kwanza wa aina hiyo.

Somo lenyewe huitwa AP World History: Modern. Mwaka wa 2024 watahiniwa zaidi ya 350,000 waliufanya mtihani wake. Karibu theluthi mbili walipata alama ya 3 au zaidi katika kipimo cha 1 hadi 5, na hiyo 3 ndiyo ihesabiwayo kuwa kufaulu. Waliosalia, zaidi ya wanafunzi 100,000, waliambulia 1 au 2 baada ya mwaka mzima wa kukesha.

Suala hili linawagusa Wakenya kuliko inavyodhaniwa. Familia zilizohamia Texas, Minnesota, Georgia au Massachusetts huletewa fomu na watoto wao zikiuliza iwapo mtoto atachukua historia ya kawaida au ya AP. Aidha, zipo shule za kimataifa jijini Nairobi zinazofuata mtaala wa Kimarekani na kufundisha masomo hayo. Mzazi aliyesomea mfumo wa 8-4-4 huitazama fomu hiyo asijue anachotia sahihi.

Advanced Placement, au AP kwa ufupi, ni mpango ambao umesimamiwa na shirika la College Board tangu mwaka wa 1955. Shabaha yake ni kumwezesha mwanafunzi wa shule ya upili kusoma kozi ya kiwango cha mwaka wa kwanza chuoni na kutahiniwa mwishoni. Usiulinganishe na ile A-Level iliyokuwa ikifanywa humu nchini hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Ile ilikuwa hatua nzima ya elimu, ilhali AP huchukuliwa somo moja moja. Mtoto anaweza kusoma historia kwa kiwango cha chuo na hisabati kwa kiwango cha kawaida, wala pasiwe na ajabu.

Mtihani wa historia ya dunia ulianza mwaka wa 2002 na watahiniwa zaidi ya 20,000 kidogo. Tangu hapo umepanuka mno, na katika kupanuka huko ukazua mzozo ambao hauna budi kuelezwa, maana ndani yake mna kiini cha mzigo wanaoulalamikia wanafunzi.

Hapo awali silabasi ilianzia enzi za mawe na kuishia siku zetu hizi, takriban miaka 10,000, yote hiyo katika mwaka mmoja wa masomo. Walimu walilia kwamba hawawezi. Mwezi wa Mei 2018, College Board ikatangaza kwamba mtihani utaanzia mwaka wa 1450, na kwamba yaliyotangulia yatawekwa katika kozi nyingine.

Tangazo hilo liliwasha moto. Walimu, wanafunzi na wanahistoria walipinga wakisema kuwa mwaka wa 1450 ni mwanzo wa safari za Wazungu baharini, na kuanzia hapo ni sawa na kusema kwamba Afrika, Asia na Amerika zilikuwa zimelala zikisubiri kuamshwa. Kufikia Julai mwaka uo huo shirika lilikuwa limerudi nyuma kiasi. Mwaka wa 1200 ukateuliwa kuwa mwanzo mpya, na mabadiliko yakaanza kutumika katika mwaka wa masomo wa 2019-20.

Kwa mtu wa pwani yetu, miaka hiyo 250 si kitu kidogo. Ndani yake mna Mansa Musa wa Mali akienda kuhiji mwaka wa 1324, Ibn Battuta akishuka Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, kuta za Zimbabwe Kuu, na merikebu za Zheng He kutoka China zikifika ufuo wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15. Lau kozi ingeanzia 1450, mwanafunzi angeiona Kilwa kwa mara ya kwanza siku iliposhambuliwa na Wareno mwaka wa 1505. Angejua jinsi mji ulivyoanguka bila kujua ulivyokuwa umesimama.

Hata hivyo, Mkenya asishangilie kupita kiasi. Miji ya Waswahili imetajwa katika silabasi kama mfano wa dola zilizokua kwa biashara ya Bahari ya Hindi, pamoja na Gujarat na Malaka, lakini imetajwa kama mfano wa hiari. Mwalimu anaweza kuchagua Malaka na kuiacha Kilwa, na mwanafunzi wake asipungukiwe na chochote katika mtihani.

Miaka 800 kwa wiki 30

Shule za majimbo mengi ya kusini hufunguliwa Agosti, ilhali za New York hungoja Septemba. Mtihani huja kwa wote mapema mwezi wa Mei. Ukiondoa mapumziko ya sikukuu ya Shukrani, ya Krismasi na ya majira ya kuchipua, pamoja na siku ambazo theluji hufunga barabara, mwalimu wa kaskazini hubaki na wiki 30 hivi. Miaka 800 ikigawanywa kwa wiki 30 ni takriban miaka 27 kwa wiki, tena si ya nchi moja bali ya dunia nzima.

Bila shaka hakuna mwalimu anayefundisha kwa mgawanyo huo. Silabasi imepangwa katika sehemu tisa: mbili za 1200 hadi 1450, mbili za 1450 hadi 1750, mbili za 1750 hadi 1900, na tatu za mwaka wa 1900 hadi sasa. Lakini uzito wake katika mtihani hautoshani, na hapa ndipo wengi hupotea.

Sehemu nne za katikati, yaani himaya za nchi kavu kama ile ya Uthmaniyya na ya Mughal, safari za baharini na biashara ya watumwa, mapinduzi ya kisiasa na ya viwanda, kisha ukoloni, kila moja hubeba asilimia 12 hadi 15 ya maswali ya kuchagua jibu. Kwa jumla ni karibu nusu au zaidi. Vita Vikuu viwili vya Dunia pamoja na Vita Baridi, ambavyo vijana huvipenda kwa sababu ya filamu na ambavyo babu zao huvisimulia, kwa pamoja havifikii hata robo. Mwanafunzi anayemjua Hitler kwa marefu na mapana lakini hajui fedha ya Potosi ilifikaje China, ameingia sokoni na sarafu isiyotumika.

Vitabu vinavyotumika sana, kama vile Ways of the World cha Robert Strayer au Traditions and Encounters cha Jerry Bentley na Herbert Ziegler, viliandikiwa vyuo vikuu. Ni vinene, na lugha yake haimbembelezi mtoto. Mwalimu hasomi kurasa hizo darasani. Mwanafunzi hutarajiwa kuwa amezisoma nyumbani na kuandika muhtasari, ili kipindi kitumike kuchambua waraka, kujadili hoja au kuandika insha kwa saa. Baadhi ya shule hutoa kazi ya kusoma hata katika likizo ndefu ya Juni hadi Agosti, kabla ya somo kuanza.

Zipo pia shule zenye vipindi virefu ambazo humaliza kozi nzima kwa muhula mmoja. Mzazi anayeandikisha mtoto katika shule ya namna hiyo na aulize muhula wenyewe ni upi. Anayesoma kati ya Agosti na Desemba atafanya mtihani Mei, miezi kadhaa baada ya kufunga daftari.

Mtihani wenyewe

Tangu Mei 2025 mtihani hufanywa kwa kompyuta. Kabla ya hapo watahiniwa waliandika kwa kalamu hadi vidole vikafa ganzi, kasoro mwaka wa 2020 ambapo, kwa sababu ya janga la Covid-19, kila kitu kilifutwa isipokuwa insha moja ya dakika 45 iliyoandikiwa nyumbani.

Sehemu ya kwanza ina maswali 55 ya kuchagua jibu kwa dakika 55, nayo hubeba asilimia 40 ya alama. Dakika moja kwa swali husikika kuwa ya kutosha hadi ukumbuke kwamba maswali huja kwa mafungu ya matatu au manne, na kila fungu hutanguliwa na kifungu cha maandishi, ramani, picha au jedwali ambalo sharti lisomwe kwanza. Halafu huja maswali matatu ya majibu mafupi kwa dakika 40, yenye asilimia 20.

Sehemu ya pili ni ya insha. Insha ndefu ya kawaida hupewa dakika 40 na asilimia 15, mtahiniwa akichagua swali moja kati ya matatu. Ile ya nyaraka ndiyo mfalme wa mtihani: saa nzima, zikiwemo dakika 15 za kusoma, na asilimia 25 ya alama.

Insha ya nyaraka humpa mtahiniwa vipande saba vya ushahidi ambavyo huenda hajapata kuviona. Kimoja huwa barua, kingine hotuba, kingine picha au takwimu za biashara. Hutakiwa kuvitumia kujenga hoja yake mwenyewe. Alama ni saba tu, na kila moja ina sharti lake: kutoa dai kuu linaloweza kutetewa, kuliweka suala katika muktadha wa kihistoria, kuzitumia nyaraka kwa alama mbili, kuleta ushahidi mmoja kutoka nje ya nyaraka hizo, kuhoji vyanzo, na mwisho kuonyesha kwamba ameuelewa utata wa jambo lenyewe. Tangu mwaka wa masomo wa 2023-24 masharti yamelegezwa kidogo. Sasa nyaraka nne zinatosha kupata alama zote mbili za ushahidi, ambapo zamani zilihitajika sita.

Chukua mfano tuliojitungia. Swali linamtaka mtahiniwa atathmini ni kwa kiwango gani kuja kwa Wareno kulibadilisha biashara ya Bahari ya Hindi kati ya 1498 na 1650. Mwanafunzi wa kwanza anaandika kwamba Wareno walibadilisha biashara hiyo kwa njia nyingi. Hapati kitu, kwa kuwa hajadai lolote ambalo mtu angeweza kulipinga.

Wa pili anaandika kwamba ingawa Wareno walishambulia Kilwa na Mombasa, wakajenga ngome na kuwalazimisha manahodha kununua vibali vya kusafiria, bidhaa ziliendelea kubebwa na Wagujarati, Waarabu na Waswahili waliofuata pepo za kaskazi na kusi. Kwa hiyo kilichobadilika zaidi ni mtoza ushuru, si mfanyabiashara. Huyu amepata alama ya dai, na tayari amejichorea ramani ya insha yake yote.

Kuhoji chanzo nako kuna mtego. Nahodha wa Kireno anapomwandikia mfalme wake kwamba bandari fulani imetii, mtahiniwa haruhusiwi kuishia kusema kuwa mwandishi ana upendeleo. Nani hana? Anatakiwa aeleze upendeleo huo unaathiri vipi hoja: nahodha anatarajia cheo, hivyo huenda anakuza ushindi wake na kunyamazia ukaidi wa wenyeji. Alama hiyo huwaponyoka hata wanafunzi wanaozijua tarehe zote.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo mzigo halisi. Kurasa ni nyingi, ndiyo, lakini kurasa husomeka. Kinachowachosha vijana wa miaka 15 ni kuombwa wafanye kazi ya mwanahistoria huku saa ikikimbia, kazi ambayo miaka tisa ya shule haikuwafunza. Aliyezoea kupata A kwa kukariri hugundua mwezi wa Septemba kwamba silaha yake imekuwa butu. Insha yake ya kwanza hurudi na alama mbili kati ya saba, na nyumbani huzuka kilio.

Mwanafunzi anayehamia huko kutoka Kenya hukumbana na jambo hilo kwa namna yake. Katika KCSE, karatasi ya historia humtaka mtahiniwa ataje au aeleze idadi fulani ya hoja, na mtahini hutoa alama kwa kila hoja sahihi. Sisi wa kizazi cha mwanzo cha 8-4-4 tulizipanga hoja hizo vichwani kama magunia ghalani. Mbinu hiyo si ya kudharauliwa, kwani humwachia mtu akiba kubwa ya maarifa. Lakini hoja sita sahihi zisizounganishwa na dai lolote, katika insha ya AP, ni matofali yasiyo na nyumba. Mtoto huyo kwa kawaida ana ushahidi mwingi kuliko wenzake Wamarekani. Anachohitaji ni mazoezi ya kuuamrisha.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Walimu wazoefu husisitiza kuandika mara kwa mara kwa muda uliopimwa, hata kama ni aya moja ya dai na muktadha, kuliko kusoma sura nzima kwa mara ya tatu. Masharti ya kusahihisha na maswali ya insha ya miaka iliyopita hupatikana bila malipo katika tovuti ya College Board, pamoja na majibu halisi ya watahiniwa na maelezo ya kwa nini kila moja lilipewa alama lililopewa. Mzazi asiyejua historia hata chembe anaweza kumkalisha mtoto na saa mezani.

Faida yake

Je, yapo malipo? Yapo, ila si ya hakika. Kila chuo huamua chenyewe. Vingi vya umma hukubali alama ya 3 au 4 na kumhesabia mwanafunzi kozi hiyo kuwa amekwisha kuisoma, jambo linaloweza kuokoa karo ya kozi moja au zaidi. Vingine hudai 5. Vipo ambavyo havihesabu kabisa: Chuo cha Dartmouth kilitangaza mwaka wa 2013 kwamba kitaacha kutoa hesabu ya aina hiyo kwa wanafunzi wapya.

Faida nyingine hupatikana kabla ya mtihani. Shule nyingi huipa A ya somo la AP thamani ya 5 badala ya 4 katika wastani wa mwanafunzi, na maofisa wa kusajili wanafunzi vyuoni hutazama iwapo mwombaji alichagua masomo magumu yaliyokuwepo shuleni kwake. Ndiyo maana vijana hujitwika AP tatu, nne, hata tano kwa mwaka. Hapa siwezi kuwa na maneno ya adabu. Kozi moja ya namna hii, ikisomwa vyema katika Gredi ya 10, humjenga mtoto; zikiwa nne pamoja, kinacholipa deni ni usingizi wake, na mwalimu wa kipindi cha kwanza humwona akisinzia juu ya kibodi.

Upo pia upande usiozungumzwa sana. Shule nyingine humfungulia mlango kila anayetaka, nyingine hudai pendekezo la mwalimu wa mwaka uliotangulia, na nyingine, hasa za mashambani, hazina somo hilo kabisa. Mtoto wa mhamiaji ambaye Kiingereza chake kina lafudhi ngeni anaweza kuelekezwa kwenye darasa la kawaida bila mtu kumpima. Mzazi ana haki ya kuuliza kigezo kilichotumika, na ni vyema aulize mapema, kwa sababu masomo ya mwaka ujao huchaguliwa katika majira ya baridi.

Gharama nayo ina kalenda yake. Ada ya mtihani mwaka wa 2025 ilikuwa dola 99 ndani ya Marekani, na huwa juu zaidi katika nchi nyingine. Familia zenye kipato cha chini hupunguziwa, na baadhi ya majimbo hulipa yote. Tangu 2019, uamuzi wa kufanya mtihani hufanywa kufikia katikati ya Novemba, miezi sita kabla ya siku yenyewe, na anayeagiza mtihani kisha asiufanye hutozwa dola 40. Si lazima kila aliyesoma kozi aufanye, ingawa zipo shule zinazomtaka aufanye.

Alama ya darasani na ya mtihani ni vitu viwili. Ya darasani huandikwa katika rekodi ya shule kufikia Juni na hubaki pale. Ya mtihani hutolewa Julai, na kwa kawaida ni mwanafunzi anayeamua ni chuo gani kitumiwe na kipi kisitumiwe, kwa hiyo 2 ya Gredi ya 10 haimfuati mtu kila aendako. Matokeo husomwa kupitia akaunti aliyojifungulia mwanafunzi kwa nywila yake mwenyewe, na mzazi anayetaka kuyaona hulazimika kumwomba mtoto aifungue.